Wavarangi wa Kaisari kwenye gemu: ipi inakupa shoka, ipi inakupa mwenye shoka

Wenzangu wanaocheza gemu wakiniuliza wanunue ipi ili wawaone Wavarangi, mimi huwauliza kwanza: mnataka kuliona shoka, au mnataka kumjua aliyelibeba? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua pesa iende wapi. Nimeona watu wakinunua gemu ya mapigano ilhali walichokitamani ni safari ya kijana anayetoka Norwei kwa jahazi la makasia hadi kwenye lango la kasri la Kaisari. Wiki mbili baadaye wameichoka.

Wavarangi walikuwa watu wa kaskazini, Waswidi, Wadenmark, Wanorwei na watu wa Iceland, pamoja na ndugu zao waliokwisha kukaa Kiev, walioingia katika utumishi wa makaisari wa Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki, mjini Konstantinopoli, Istanbul ya leo. Wenyewe waliuita mji huo Miklagard, mji mkubwa. Mwaka 988 Kaisari Basil II alikuwa amebanwa kooni. Jemadari wake Bardas Phokas alikuwa ameasi na kudai kiti, na nusu ya jeshi ilikuwa upande wake. Vladimir wa Kiev akampelekea askari 6,000, akabatizwa, na kwa malipo akaozwa Anna, dada yake Basil. Mwaka uliofuata majeshi yalikutana Abydos. Phokas akaanguka kutoka kwenye farasi wake akakata roho, na uasi ukavunjika.

Basil hakuwarudisha makwao wale wageni. Aliwaweka mlangoni pake. Kikulacho ki nguoni mwako, na waliokuwa wakimla Basil walikuwa mabwana wakubwa wa nchi yake mwenyewe, wenye mashamba, wakwe na binamu katika kila baraza. Mgeni asiye na ukoo mjini hana pa kuegemea ila kwa yule aliyemwapia. Wasomaji wa Mombasa na Unguja wanalijua jambo la namna hii kwa sababu Seyyid Said naye aliwategemea Wabulushi kulinda ngome zake.

Uaminifu huo haukuwa maneno ya kusifia tu. Mwaka 1081 Alexios Komnenos alipofika na jeshi lake kuutwaa mji na kiti, aliuliza kwanza ni nani wanaolinda sehemu gani ya ukuta. Binti yake, Anna Komnene, ameandika kwamba baba yake alishauriwa asiwaguse Wavarangi, kwa kuwa uaminifu kwa kaisari kwao ni amana ya kurithiana, mzazi kwa mtoto, na hawatausaliti. Basi akawaendea Wajerumani waliokuwa kwenye mnara mwingine. Hao walishawishika, na mji ukaingiwa. Wote wawili walikuwa askari wa kigeni wa kulipwa, na wote walikuwa juu ya ukuta uleule. Tofauti kati yao ndiyo ninayoitafuta ninapoifungua gemu yoyote yenye jina la Wavarangi ndani yake.

Medieval II: Total War

Hii ni ya mwaka 2006 na sura yake imezeeka, lakini kwa anayetaka uwanja wa vita bado naiweka mbele ya zote. Kampeni yake inaanza 1080. Maana yake unaingia mlangoni mwa vita vya Dyrrhachium, mji ulioko pwani ya Albania ya leo, ambao kwenye ramani ya gemu unaitwa Durazzo.

Tarehe 18 Oktoba 1081 Alexios, sasa akiwa kaisari, aliwakabili hapo Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, chini ya jemadari wao Robert Guiscard. Mbele aliwapanga Wavarangi kwa miguu, chini ya kamanda wao Nampites. Kufikia wakati huo wengi katika kikosi hawakuwa tena watu wa Skandinavia. Walikuwa Waingereza walioikimbia nchi yao baada ya Wanormani kuitwaa mwaka 1066, na sasa, upande wa pili kabisa wa Ulaya, adui yao ni Wanormani tena. Walilipiga bawa la kulia la Guiscard likakimbilia baharini. Wakalifukuza. Wakaenda mbali mno na wenzao, wakachoka, pumzi zikawaishia chini ya uzito wa deraya, na askari wa mikuki wa Guiscard wakawavamia ubavuni. Waliosalia walijibanza katika kanisa la Malaika Mikaeli, wengine wakapanda juu ya paa lake. Wanormani walilitia moto.

Ndiyo sababu naipenda gemu hii. Inakuruhusu ulifanye kosa lilelile, na inakulipisha gharama ileile. Ina hesabu ya uchovu: kikosi kikikimbizwa sana kinapungua nguvu, hata kikiwa bora kuliko vyote uwanjani. Wavarangi wake wana shoka la mikono miwili linalopenya deraya, na ukiwarusha kwa wakati wake wanaivunja safu ya adui mbele ya macho yako. Lakini ni watu wa miguu. Ukiwaacha wamfukuze anayekimbia, kisha wapanda farasi wakatokea nyuma yao, hutawaokoa. Mchezaji aliyewahi kuwapoteza hivyo mara moja ameielewa Dyrrhachium kuliko aliyeisoma.

Mahali inapokosea ni kwenye kile kile ninachokitafuta. Katika gemu hii majemadari wana kipimo cha uaminifu, na jemadari aliyeshuka kipimo anaweza kuasi. Hapo wamepatia, maana historia ya Bizanti imejaa akina Phokas. Ila akiasi, jeshi lake zima linamfuata, na Wavarangi walio chini yake nao wanageuka. Waliofanya gemu waliujua ugonjwa lakini hawakuitambua dawa yake. Tena unawafundisha Wavarangi mjini kama askari wengine wowote. Hawatoki popote, wala hakuna anayewasubiri kwao. Wachezaji wengi huwasambaza wakalinde miji midogo mpakani, ilhali katika uhai wao wa kweli mahali pao palikuwa ubavuni mwa Kaisari.

Kwa upande wa uwezo wa mashine, hii ndiyo rahisi kuliko zote ninazozitaja. Laptopu ya kawaida inaibeba, na tangu 2022 ipo kwenye simu za Android na iPhone. Kioo cha simu ni kidogo kwa kuongoza vikosi vingi kwa pamoja, basi zoea kusimamisha muda kabla ya kutoa amri. Jambo moja la kujua mapema: katika toleo la kompyuta Bizanti haichaguliki tangu mwanzo. Inafunguka ukishaishinda katika kampeni, au ukimaliza kampeni na taifa jingine.

Age of Empires IV

Bizanti iliongezwa humu Novemba 2023, katika nyongeza iitwayo The Sultans Ascend, na Wavarangi ni askari wao wa miguu wazito. Kwa macho, hawa ndio wazuri kuliko wote: rangi, chapeo, mwendo wao wa pamoja. Mechi inaisha upesi, unaweza kucheza moja baada ya chakula cha usiku ukalala.

Wana kitufe kimoja maalumu. Ukikibonyeza wanapandwa na wazimu wa vita: pigo linakuwa kali zaidi na kinga inapungua. Kimchezo ni uamuzi mtamu, kwa sababu unachagua lini ubadilishe uhai wa mtu kwa nguvu ya pigo. Kihistoria nina shaka nacho. Picha ya mtu wa kaskazini anayepiga kelele na kusahau ngao inatoka kwenye masimulizi ya kale ya Iceland. Waandishi wa Kigiriki waliowaona walinzi kwa macho yao wanazungumzia zaidi watu waliotulia, mashoka begani, wamesimama safu kumzunguka Kaisari. Kazi yao kubwa vitani ilikuwa kungoja. Mwaka 1122, huko Beroia, Wapechenegi, wahamaji wa nyika, walijifungia nyuma ya boma la mikokoteni iliyofungwa pamoja, na jeshi zima likashindwa kupita. Hapo ndipo Kaisari John II alipowaachilia wenye mashoka. Wakaipasua mikokoteni ile na vita vikaisha. Gemu hii haina nafasi ya kungoja kwa namna hiyo, maana kasi yake inakulazimisha utumie kila ulichonacho mapema.

Kitu kimoja kimenifurahisha humo. Wabizanti wa gemu hii wana rasilimali yao ya pekee, mafuta ya zeituni, na kwa mafuta hayo wanakodi askari wa mataifa mengine. Wavarangi hawamo katika orodha hiyo ya kukodi. Wanatoka kambini kama watu wa nyumbani. Kwa mtu anayemkumbuka Alexios mbele ya kuta za mji, mamluki wakiwa fungu moja na walinzi fungu jingine, mpangilio huo una maana hata kama uliwekwa kwa ajili ya mizania ya mchezo tu.

Chagua hii ikiwa unapenda kushindana na watu kwenye intaneti na muda wako ni wa vipande vipande. Inataka kompyuta yenye nguvu kiasi kuliko ile iliyotangulia, na ukicheza na watu wa mbali, mtandao unaokatika utakuharibia mechi.

For Honor na Civilization VI, kwa ufupi

For Honor ni gemu ya kupigana ana kwa ana. Mwaka 2024 iliongezewa shujaa anayeitwa Varangian Guard, mwanamke mwenye shoka na ngao. Anapendeza kumchezesha, na kama unachotaka ni uzito wa pigo moja kwa wakati wake, hapa ndipo. Kuhusu Bizanti yenyewe hutajifunza kitu.

Ila mwanamke huyo alinirudisha kwenye habari iliyoandikwa na John Skylitzes, mwanahistoria wa Bizanti, ya mwaka 1034. Wavarangi walikuwa wametawanywa kukaa majira ya baridi katika jimbo la Thrakesion, upande wa Asia. Mmoja wao alimkuta mwanamke mahali pa upweke akataka kumbaka. Yule mwanamke akanyakua silaha ya mwanamume huyo akamchoma nayo moyoni, akafa palepale. Wenzake waliposikia walikusanyika. Hawakuja kulipiza kisasi. Walimheshimu yule mwanamke, wakampa mali yote ya marehemu, na maiti wakaitupa bila mazishi. Habari hiyo imechorwa kwenye mswada wa Skylitzes uliopo Madrid. Sijaona gemu iliyoigusa, na ningependa sana kuiona, kwa sababu inaonyesha kikosi chenye sheria yake na aibu yake.

Civilization VI inakupa Harald Hardrada, mfalme wa Norwei aliyewahi kuwa Mvarangi ujanani, na baadaye wakamtoa kwa sura ya pili, Harald akiwa Mvarangi. Uwezo wake unahusu kukodi majeshi ya miji huru kwa gharama ndogo. Yule aliyekodiwa ujanani amefanywa mwenye kukodi. Ni wazo zuri, lakini usiinunue gemu nzima kwa ajili yake.

Crusader Kings

Nimeiacha mwisho kwa kuwa hapa nina mengi ya kusema, na kwa kuwa ndiyo pekee inayomjua mwenye shoka.

Humu huongozi vikosi kwa kidole. Unaongoza mtu na ukoo wake: anazaliwa, anaoa, anachukiwa, anakufa, na wewe unaendelea na mwanawe. Katika Crusader Kings II, hasa ukiwa na nyongeza ya The Old Gods ya mwaka 2013 inayokufungulia mabwana wa kaskazini wa dini za jadi, kijana wa nyumba yako anaweza kuondoka kwenda kujiunga na walinzi wa Miklagard. Miaka inapita. Unamsahau. Siku moja anarudi akiwa na alama ya Mvarangi kwenye tabia zake, mtu mzima aliyeiva vitani. Upande wa Bizanti, Kaisari naye ana kikosi hicho cha kukimbilia mambo yakichacha.

Kule kurudi ndiko kulikonishika. Uswidi kuna mawe ya kumbukumbu yenye maandishi ya runi, herufi za kale za kaskazini, takriban 30, yanayowataja watu waliokwenda kwa Wagiriki, yaani Bizanti, mengi yakiwa katika jimbo la Uppland. Mengi ni ya wafu: fulani alifia kule, na walioliinua jiwe ni wanawe, au mkewe, au mama yake. Wengine walirudi. Masimulizi ya Iceland yanamweleza Bolli Bollason akishuka nyumbani kwa hariri na upanga uliopambwa dhahabu, hata wanawake wakaacha kila kitu wamtazame. Na kwenye marumaru ya ghorofa ya juu ya Hagia Sophia, kanisa kuu la Konstantinopoli wakati huo, kuna mtu aliyechora jina lake, Halfdan, labda ibada ilimchosha. Watu wenye mama na wenye kuchoka hutawapata kwenye gemu ya vikosi. Hapa unawapata, kwa sababu gemu nzima imejengwa juu ya nani ni mtoto wa nani na nani hajarudi.

Crusader Kings III ya mwaka 2020 ina sura nzuri zaidi na ni rahisi kuielewa kwa anayeanza. Ukiiongezea Roads to Power ya 2024 unapata vitu viwili vinavyohusika. Cha kwanza ni Bizanti yenye utawala wake halisi, familia kubwa zikigombania vyeo na majimbo, yaani lile joto lililomfanya Basil awatake wageni. Cha pili ni uwezo wa kucheza mtu asiye na ardhi, mwenye kambi yake na wafuasi wake, anayehama kutoka kwa bwana mmoja hadi mwingine akifanya kazi kwa malipo. Kwa viwili hivyo unaweza kuyajenga kwa mkono wako maisha yanayofanana na ya Harald Sigurdsson, ndiye yule Harald Hardrada: kujeruhiwa katika vita vya Stiklestad, Norwei, mwaka 1030 akiwa kijana wa miaka 15, kukimbilia kwa Yaroslav, mtawala wa Kiev, kufika Konstantinopoli mnamo 1034 na watu wapatao 500, kupigana Sisilia na kisha Bulgaria, kupandishwa cheo mara mbili, kuomba ruhusa ya kurudi kwao akakataliwa na Kaisari Konstantino IX, na kutoroka.

Ubaya wake? Vita vyake havina utamu wa macho. Majeshi mawili yanasimama kwenye ramani, namba zinashuka, mmoja anakimbia. Shoka lenyewe hutaliona likishuka. Tena kila kitu ni kusoma, na kusoma kwa Kiingereza: barua, njama, matukio, maelezo ya tabia. Asiyependa kusoma kwenye kioo atalala. Na gharama inapanda kidogokidogo, kwa kuwa nyongeza nzuri zinauzwa mbalimbali. Crusader Kings II ya msingi ni ya bure tangu 2019, basi aionje hiyo kwanza mtu asiye na uhakika. Bila nyongeza hutaweza kucheza mabwana wa kaskazini wa dini za jadi, lakini wafalme Wakristo wapo, na hao wanatosha kukuonyesha kama gemu ya namna hii ni yako.

Kwa hiyo mwenye simu tu achukue Medieval II na asitazame nyuma. Mwenye kompyuta nzuri na marafiki wa kushindana nao, Age of Empires IV. Mwenye subira, asiyeona tabu kusoma, na anayetaka kujua ilikuwaje mtu akaacha kijiji cha theluji akafe akimlinda mfalme asiyejua hata lugha yake, Crusader Kings III pamoja na Roads to Power, au ile ya II pamoja na The Old Gods kama pesa ni ya kuhesabu.

Ukiichukua hiyo, mwanzo wa 1066 unakupa Harald mwenyewe, mfalme wa Norwei sasa, mzee wa vita. Tazama tarehe iliyoandikwa juu ya kioo: 15 Septemba 1066. Meli zake ziko njiani, vita vya Uingereza vimekwisha kuanza, na Stamford Bridge, alikouawa, ni tarehe 25. Una siku kumi za kuamua kama atashuka.